Kisahani Hewani: Elimumwendo katika Kiwanja Kidogo cha Gofu ya Visahani

Mtoto anayechezesha pia uwanjani na mhandisi anayesanifu mabawa ya ndege hudhaniwa kuwa hawana la kushirikiana. Hata hivyo, uko mchezo mmoja unaowakutanisha wote wawili. Mchezo huo ni gofu ya visahani, ambamo mchezaji hurusha kisahani cha plastiki kutoka mahali palipowekwa alama hadi kikiingia ndani ya kikapu cha chuma, na mshindi ni yule aliyetumia mirusho michache kuliko wenzake.

Mtu anayeutazama mchezo huu kwa mara ya kwanza hudhani kwamba siri yake ni nguvu za mkono. Akijaribu mwenyewe, mara hupata fadhaa. Kisahani alichokirusha kwa nguvu zake zote hupanda juu, husita, kisha hujipinda kushoto na kuanguka karibu naye, hali kijana mwembamba aliye jirani yake, bila ya jasho, hukipeleka chake masafa maradufu. Makala haya yanakusudia kueleza sababu za jambo hilo kwa kutumia kanuni za fizikia zinazofundishwa katika shule za sekondari.

CHIMBUKO LA MCHEZO

Mwaka 1937, katika jimbo la California nchini Marekani, Walter Frederick Morrison na Lucile, aliyekuja kuwa mkewe, walikuwa wakirushiana kifuniko cha mkebe wa bisi kwa kujifurahisha. Baadaye waligundua kwamba sahani ya bati ya kuokea keki ilielea vizuri zaidi, na mwaka 1938 walikuwa wakiziuza sahani hizo ufukweni kwa senti 25 kila moja, ingawa dukani ziligharimu senti tano tu. Baada ya vita Morrison aliendelea kulisanifu umbo hilo kwa plastiki. Mwaka 1957 kampuni ya Wham-O ilianza kukiuza kisahani chake, na mwaka huohuo kikapewa jina la Frisbee.

Mtu wa pili katika historia hii ni Ed Headrick, aliyekuwa mfanyakazi wa kampuni hiyo. Mwaka 1967 alipata hataza ya kisahani chenye mifuo ya duara juu ya mgongo wake, kilichotulia hewani kuliko vile vilivyotangulia. Mwaka 1975 alianzisha kiwanja cha kwanza cha kudumu cha gofu ya visahani katika bustani ya Oak Grove, mjini La Cañada Flintridge, chini ya mialoni ya bonde la Arroyo Seco. Kwa sadfa iliyo njema, kiwanja hicho kinapakana na maabara ya Jet Propulsion Laboratory, ambamo vyombo vinavyopelekwa kuchunguza sayari nyingine hutengenezwa. Hivyo, upande mmoja wa ua wataalamu wanakokotoa njia za vyombo vya anga, na upande wa pili watu wa kawaida wanasumbuliwa na tatizo la namna hiyohiyo kwa kisahani cha gramu 175.

Hapo mwanzo shabaha zilikuwa nguzo tupu, na wachezaji waligombana mara kwa mara kama kisahani kiliigusa nguzo au la. Headrick alilitatua tatizo hilo kwa kubuni kikapu chenye minyororo inayoning'inia juu yake, akapata hataza yake mwaka 1977. Mwaka mmoja kabla ya hapo, yaani 1976, alikwisha kuanzisha chama cha wachezaji, PDGA, ambacho mpaka leo ndicho kinachotunga kanuni za mchezo na kupima visahani vinavyoruhusiwa. Headrick alifariki mwaka 2002.

KIWANJA KIDOGO KILIVYO

Kiwanja kidogo huwa na vikapu tisa, kila kimoja kikiwa umbali wa mita 50 hadi 90 kutoka mahali pa kurushia. Ingawa hakuna tundu lolote lililochimbwa ardhini, kila safari ya kwenda kikapuni huitwa shimo, kwa kufuata desturi ya gofu ya mpira. Baada ya mrusho wa kwanza mchezaji huenda hadi pale kisahani kilipotua, na hapo ndipo arushiapo tena. Akiwa ndani ya mita 10 kutoka kikapuni haruhusiwi kujitupa mbele pamoja na mrusho wake. Ni sharti kwanza aonyeshe kwamba amesimama imara. Kisahani kikivuka mpaka uliowekwa, mchezaji huongezewa mrusho mmoja kuwa adhabu.

Gofu ya mpira yenye mashimo 18 huhitaji aghalabu hekta 40 au zaidi, pamoja na majani yanayonyweshwa maji na kufyekwa kila mara. Kiwanja kidogo cha visahani huweza kuenea katika hekta chache za bustani au za kichaka ambacho hakikusawazishwa, na miti iliyopo huachwa isimame, kwani ndiyo vikwazo vyenyewe vya mchezo.

KANI INAYOKIINUA KISAHANI

Jiwe likirushwa kwa mwendo wa mita 22 kwa sekunde, hata kama hewa isingalikuwapo kulipunguza kasi, lisingaliweza kufika zaidi ya mita 49 hivi katika ardhi iliyo sawa. Kisahani kilichorushwa kwa mwendo huohuo na mtu stadi huweza kupita mita 80. Kwa hiyo hewa, ambayo kwa jiwe ni kizuizi tu, kwa kisahani ni mhimili.

Vitabu kadhaa hueleza kwamba hewa ipitayo juu ya bawa husafiri njia ndefu zaidi, na kwa hiyo hulazimika kwenda mbio ili ikutane tena na ile iliyopita chini. Maelezo hayo ni ya makosa. Hakuna kanuni yoyote ya maumbile inayozilazimisha sehemu hizo mbili za hewa kukutana, na vipimo vimeonyesha kwamba ile ya juu hutangulia kufika. Ukweli ni kwamba kisahani, kikiwa kimeinua ukingo wake wa mbele kidogo tu, huigeuza hewa na kuisukuma kuelekea chini. Kwa mujibu wa kanuni ya tatu ya Newton, hewa nayo hukisukuma kisahani kuelekea juu. Shinikizo la hewa juu ya mgongo wa kisahani huwa dogo kuliko lile la tumboni mwake, na tofauti hiyo ndiyo kani ya kuinua.

Ukubwa wa kani hiyo hutegemea mambo manne: uzito wa hewa katika kila mita ya ujazo, eneo la kisahani, mraba wa mwendo wake, na kizidishi kinachotokana na umbo lake pamoja na pembe kinayoikabili hewa kwayo. Ichukuliwe mfano wa kisahani chenye masi ya gramu 175 na kipenyo cha sentimita 21.2. Uzito wake ni nyutoni 1.72, na eneo lake ni mita za mraba 0.0353. Katika hewa ya pwani, ambayo masi yake ni kilo 1.2 hivi kwa kila mita ya ujazo, kisahani hicho kikienda kwa mita 20 kwa sekunde:

½ × 1.2 × 20² × 0.0353 = nyutoni 8.5 takriban.

Hivyo kizidishi cha kuinua kinachohitajika ili kisahani kisianguke ni 1.72 ÷ 8.5, yaani kama moja ya tano. Hicho ni kizidishi kidogo, ambacho hupatikana kwa pembe ndogo tu. Lakini mwendo ukipungua hadi mita 10 kwa sekunde, zile nyutoni 8.5 hupungua mara nne na kuwa 2.1, na kizidishi kinachohitajika hupanda hadi nne ya tano. Mwendo umepungua nusu, mahitaji yameongezeka mara nne. Hiyo ndiyo sababu kisahani huonekana kuelea kwa raha kwa muda mrefu, kisha ghafla hupoteza uwezo wake na kushuka.

Hali kadhalika, hewa ya miinuko ni nyepesi kuliko ya pwani. Mjini Nairobi, ulioko kimo cha mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa ina upungufu wa karibu asilimia 15. Mchezaji wa huko ni sharti akirushe kisahani kwa mwendo uliozidi kwa asilimia 8 hivi ili apate kani ileile aipatayo mwenzake wa Mombasa au Dar es Salaam.

SIRI YA PIA

Kani ya kuinua peke yake haitoshi. Msomaji akikirusha kisahani bila ya kukizungusha, kitabiruka mara moja kama ukurasa uliopeperushwa. Kinachokiweka sawa ni mzunguko wake, kama vile pia inavyosimama juu ya ncha yake maadamu inazunguka, na kuanguka mara inapolegea.

Kitu kinachozunguka hupinga kugeuzwa kwa mhimili wake. Upinzani huo huwa mkubwa kadiri mzunguko unavyokuwa wa kasi, na kadiri masi inavyowekwa mbali na kitovu. Ndiyo maana plastiki ya kisahani ni nyembamba katikati na nene ukingoni. Iwapo masi yote ingaliwekwa ukingoni, ukaidi huo ungalikuwa maradufu ya ule wa bamba la duara lenye unene ulio sawa kote. Kisahani kinachozunguka mara 20 kwa sekunde, ukingo wake huenda kwa mita 13 hivi kwa sekunde ukilinganishwa na kitovu chake.

Mzunguko huo hautokani na misuli mikubwa ya bega. Mchezaji stadi huanza kwa miguu, nyonga hufuata, kisha bega, kisha kiwiko, na mwisho kabisa kiganja, kila kiungo kikimrithisha mwenzake mwendo. Anayeukaza mkono wote kwa nguvu huukata mnyororo huo katikati.

KWA NINI KISAHANI HUJIPINDA

Kitu kinachozunguka kina tabia inayowashangaza wanafunzi wengi: kikisukumwa mahali pamoja, jibu lake huonekana robo ya mzunguko mbele, katika uelekeo ule kinakozungukia.

Mchezaji wa mkono wa kulia anayerusha kwa kuuvuta mkono kutoka upande wa kushoto wa kifua chake, hukipa kisahani mzunguko ufuatao mwendo wa akrabu za saa kikitazamwa kutoka juu. Kikiwa bado kina kasi na pembe yake ni ndogo, kani ya kuinua hulalia nyuma kidogo ya kitovu. Msukumo wa juu ulioko nyuma hujibiwa robo ya mzunguko mbele, yaani upande wa kushoto. Upande huo huinuka, na kisahani huegemea kulia. Kasi ikishapungua na pembe kuongezeka, kani husogea mbele ya kitovu. Msukumo ulioko mbele hujibiwa kulia; upande wa kulia huinuka, na kisahani hulala kushoto mpaka kinapotua. Hivyo njia nzima hufanana na herufi S iliyonyooshwa. Kwa mchezaji wa mkono wa kushoto mambo yote hayo hugeuka kinyume.

Sasa fumbo la yule mgeni wa mwanzo limefumbuka. Alipotumia nguvu alikiinua mno ukingo wa mbele. Pembe ilikuwa kubwa tangu mwanzo, kizuizi cha hewa kikakila kisahani kasi yake, kani ikahamia mbele ya kitovu mapema, na kisahani kikalala kushoto kabla ya kusafiri. Kila alivyozidisha nguvu bila ya kurekebisha pembe, ndivyo kosa lilivyozidi kukua.

Kosa hilo huongezwa mara nyingi na uchaguzi wa kisahani. Mwaka 1983 Dave Dunipace wa Marekani alisanifu kisahani chenye ukingo uliochongwa kama kabari, ambao huikata hewa kwa urahisi. Tangu hapo visahani vya masafa vimekuwa vyembamba na vyenye kasi zaidi. Lakini kisahani cha namna hiyo huitaka kasi hiyo kwanza. Mwanagenzi asiyeweza kuitoa hukiona kikilala kushoto mapema kuliko kile cha zamani chenye ukingo butu. Katika kiwanja kidogo, mwenye kisahani butu anayekijua vyema humshinda mara kwa mara aliyejaza mkoba wake vya masafa.

UPEPO

Akili ya kawaida husema kwamba upepo wa omo, yaani ule unaomjia mrushaji usoni, hukiangusha kisahani, na upepo wa tezi, unaotoka mgongoni, hukisaidia. Hesabu inasema vingine, kwani kinachohusika na kani ya kuinua ni mwendo wa kisahani kulingana na hewa, wala si kulingana na ardhi.

Kisahani kilichorushwa kwa mita 20 kwa sekunde dhidi ya upepo wa mita 5 huikabili hewa kwa mita 25. Kani ya kuinua huongezeka kwa uwiano wa mraba wa 25 kwa 20, yaani karibu mara 1.56, kisahani hupanda, huegemea kulia zaidi, na huenda kikapinduka. Upepo huohuo ukitoka nyuma, mwendo kulingana na hewa ni mita 15 tu, na kani hubaki asilimia 56 ya ile ya hewa tulivu. Kisahani hushuka mapema na kulala kushoto. Mchezaji mwenye kuielewa hesabu hii hukirusha chini zaidi kwenye upepo wa omo, na juu zaidi kwenye upepo wa tezi.

Msomaji aweza kuuliza: mbona rekodi ya dunia ya masafa, mita 338 alizorusha David Wiggins Mdogo mwezi Machi 2016 katika jangwa la Nevada, ilipatikana kwa kusaidiwa na upepo wa tezi? Jibu ni kwamba mrushaji huyo alikuwa na kasi ya ziada ya kufidia upungufu wa kani, akakirusha juu sana, na upepo ukakichukua kama mkondo uchukuavyo mtumbwi kwa muda wote kilipokuwa hewani. Katika shimo la mita 60 nafasi ya namna hiyo haipo.

KAZI YA MINYORORO

Kisahani kinachofika kikapuni kwa mita 7 kwa sekunde kina nishati ya mwendo ya juli 4 na ushei. Kikigonga nguzo tupu hurudishwa karibu yote, na kisahani huruka kando. Minyororo huipokea nishati hiyo kidogo kidogo: huyumba, pete zake husuguana, na nishati hugeuka kuwa joto na mlio ule unaompendeza kila mchezaji. Kisahani kilichonyang'anywa mwendo wake hudondoka ndani ya kikapu. Kikifika kwa kasi mno, minyororo haiwahi kuimaliza nishati yote, na hutokeza upande wa pili.

HATARI NA DHAMANA

Kisahani cha mfano kikiwa na mwendo wa mita 20 kwa sekunde kina nishati ya juli 35, sawa na jiwe la kilo moja lililoangushwa kutoka kimo cha mita tatu na nusu. Nishati hiyo yote huishia kwenye ukingo mwembamba. Kwa sababu hiyo kanuni za PDGA hazikiruhusu kisahani kuzidi gramu 200, wala gramu 8.3 kwa kila sentimita ya kipenyo, na hukataza ukingo ulio mkali kupita kiasi. Lakini hakuna kanuni ya kiwandani iwezayo kumlinda mpita njia. Viwanja vidogo vingi vimo katika bustani za umma, ambamo wazee hutembea na watoto hucheza. Mchezaji asiyeiona njia yote hadi kikapuni hana haki ya kurusha; na akiona kisahani kinaelekea kwa watu, ni wajibu wake kupiga ukelele mara hiyohiyo.

Miti nayo ina haki yake. Gome lililopigwa mara elfu mahali pamoja huchubuka, na wadudu hupata mlango. Udongo unaokanyagwa kila siku hushindiliwa hadi hewa na maji havipenyi tena kwenye mizizi. Mvua ikinyesha, maji hutiririka juu juu na kuuchukua. Hivyo kiwanja chaweza kuuawa na umaarufu wake chenyewe. Dawa yake si ghali: kuhamisha vikapu mara kwa mara ili ardhi ipumzike, kutandaza vipande vya mbao mahali panapokanyagwa sana, na kuweka nguzo za kukinga mashina yaliyo mbele ya mahali pa kurushia.

JARIBIO

Vifuniko viwili vya ndoo ya plastiki vilivyo sawa, udongo wa mfinyanzi na utepe wa gundi vyatosha. Udongo wa gramu 40 ugawanywe vipande vinane. Kwenye kifuniko cha kwanza vipande vyote vibandikwe tumboni, karibu na kitovu; kwenye cha pili vibandikwe kuuzunguka ukingo kwa ndani, kwa nafasi zilizo sawa. Kila kifuniko kirushwe mara kumi uwanjani pasipo na watu, na umbali upimwe kwa hatua. Mwanafunzi aandike ni kipi kilichotikisika zaidi, na kila kimoja kililala upande gani. Kisha mrushaji wa mkono wa kushoto arudie, na matokeo yalinganishwe.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kisahani kimerushwa kwa mita 18 kwa sekunde dhidi ya upepo wa mita 6. Kani ya kuinua imeongezeka mara ngapi kuliko katika hewa tulivu?

2. Kwa nini kisahani cha mrushaji wa mkono wa kushoto, akirusha kwa mtindo uleule, hulala kulia mwishoni?

3. Shimo limejipinda kushoto nyuma ya mti. Mchezaji wa mkono wa kulia aitumie vipi tabia ya kisahani badala ya kushindana nayo?

Majibu: (1) Mara 1.78. (2) Mzunguko umegeuka kinyume, kwa hiyo msukumo ulioko mbele hujibiwa upande wa kushoto, nao huinuka. (3) Akirushe kwa kupita kulia mwa mti kwa kasi ya wastani, ili kinapopungua mwendo kilale chenyewe kuelekea kikapuni.

HITIMISHO

Maabara nyingi za shule hazina vyombo vya kupimia hewa, na wanafunzi hulazimika kuziamini kanuni za Newton kwa kuwa zimeandikwa ubaoni. Kifuniko cha ndoo hakihitaji kuaminiwa. Hurushwa, nacho hujibu. Akilala kushoto asikotakiwa, kijana hujifunza kwamba maumbile hayashawishiwi kwa nguvu, bali hutiiwa kwanza ndipo yakatumika. Aliyelielewa hilo katika uwanja wa mita 60 ameshaanza kuielewa ndege ipitayo juu ya kichwa chake.